Linux Mint haioni waifai kabisa, nimeinstoo mara tatu, msaada wakuu

mzee_wa_kuchapa

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nina steshenari yangu ndogo huku Morogoro, kuchapa, kutoa kopi, passport saizi, kuwaombea watu ajira na mikopo ya chuo mtandaoni, mambo hayo. Mashine yangu ni laptopu ya mtumba kutoka Ujerumani, Core i3 ya kizazi cha nne, RAM 4, niko nayo mwaka wa tatu na haijawahi kunitia hasara. Kilichonichosha ni virusi. Mteja akichomeka flashi tu mafolda yote yanageuka shotikati, leo unasafisha kesho yamerudi, na mbaya zaidi unamwambukiza na mteja mwingine halafu anakuja kukugombeza wewe mbele za watu. Juu ya hapo Windows 10 apdeti zake zimekoma tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 hii mashine inaikataa, inasema prosesa ya zamani.

Basi mtoto wa dada yangu yuko chuo akaja likizo na flashi yenye Linux Mint 21.3, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ile ya Xfce, akaniambia mjomba dawa ya shotikati ni hii hapa. Tukafuta kila kitu tukaweka. Wakuu sitaki kusema uongo, mashine imekuwa nyepesi mpaka nikashangaa, sauti ipo, kamera ipo, mwanga wa skrini unapanda na kushuka kwa vitufe vyake vilevile, hata tachipadi ukitelezesha vidole viwili ukurasa unashuka. WAIFAI TU ndo hamna. Ukibonyeza kile kialama cha mtandao pale chini kulia hakuna orodha ya mitandao, hakuna hata neno waifai lenyewe, utadhani mashine ilizaliwa bila nayo.

Kijana kesharudi chuo na mimi nimebaki na msiba wangu. Nimerudia kuinstoo mara tatu, kila mara naweka tiki pale kwenye kodeki za miziki na video, inaniambia nitunge paswedi, natunga, inamaliza, inawaka, waifai hakuna. Nikapeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, akaiangalia dakika mbili akasema kadi imekufa nimpe elfu sitini aweke nyingine. Sasa imekufaje wakati asubuhi ya siku ileile kwenye Windows nilikuwa natuma fomu za watu?

Nisaidieni kabla sijarudi kwenye mashotikati yangu. Komandi sizijui, nielekezeni kama mnamwelekeza mtoto.

Kipanga_21

Rudisha Windows mzee ufanye kazi. Linux ni ya wale wanaopenda kuangalia maandishi meusi usiku kucha. Weka antivirusi nzuri maisha yaendelee.

dada_terminali

Shikamoo mzee wa kuchapa. Huyo wa juu msamehe, kila uzi wa Linux lazima apite.

Kwanza usitoe hiyo elfu sitini. Kadi iliyokuwa inafanya kazi asubuhi haifi mchana kwa sababu umebadilisha mfumo, mara nyingi ni draiva tu, yaani programu inayoiwezesha mashine kutumia kifaa, na kuinstoo upya hata mara kumi hakuleti draiva ambayo haipo kwenye flashi uliyotumia au inayongoja wewe uiruhusu. Kabla ya kubadilisha chochote tujue una chipu gani. Jina la laptopu halinisaidii sana maana modeli moja inaweza kutoka kiwandani na kadi za aina mbili tatu tofauti.

Fungua terminali, kile kiboksi cheusi, bonyeza Ctrl na Alt na T kwa pamoja. Andika hivi halafu Enter:

lspci -nnk | grep -iA3 net

halafu na hii:

rfkill list

Ya kwanza inaorodhesha vifaa vya mtandao vilivyomo ndani na draiva inayoviendesha. Ya pili inaonyesha kama waifai imefungwa kwa kitufe, kuna laptopu zina switchi pembeni au kitufe chenye mnara, ukikigusa kwa bahati mbaya unaweza kulia wiki nzima. Niandikie hapa yanayotoka, hasa zile namba za kwenye mabano ya mraba.

Na intaneti usihangaike. Chukua simu yako ya Android na ule waya wa chaji, chomeka kwenye laptopu, nenda kwenye mipangilio ya simu pale penye hotspoti, utaona kushea intaneti kwa USB, iwashe. Laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao, hakuna draiva ya kuweka. Ila hakikisha waya unapitisha data, hii mingine ya buku mbili barabarani ni ya chaji tu, utachomeka mpaka kesho.

mzee_wa_kuchapa

Marahaba dada. Aisee hiyo ya waya wa simu!! Kumbe siku zote hizi nilikuwa na intaneti mfukoni. Waya wa kwanza uligoma kama ulivyosema, nikaazima wa binti wa duka la jirani ukakubali hapohapo, nakuandikia kutoka kwenye laptopu yenyewe sasa hivi.

Majibu ndo haya, ya waifai nimeyakopi, yale mengine ya Realtek naona ni ya tundu la waya:

02:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)
Kernel driver in use: bcma-pci-bridge
Kernel modules: bcma

Na ile ya pili imetoa mistari ya Bluetooth tu, imeandika no na no. Waifai haikutajwa. Ni habari mbaya?

dada_terminali

Ni habari njema mzee. Kadi ipo, mashine inaiona, imejitaja mpaka jina na namba ya kitambulisho 14e4:4365. Kadi iliyokufa kabisa isingetokea kwenye orodha. Huyo fundi mwambie asante.

Sasa nikueleze kidogo maana utakutana na haya tena. Draiva nyingi kwenye Linux ziko ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, ndo maana sauti na kamera vilikubali bila wewe kufanya chochote. Kwa hizi chipu za Broadcom njia ni tofauti kidogo kulingana na chipu. Za zamani sana zina draiva huria inaitwa b43. Mwaka 2010 kampuni yenyewe ikatoa draiva huria ya baadhi ya chipu zake, kama BCM4313, nayo ikaingia kwenye kerneli. Hii yako ya 43142 haimo kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili. Inatumia draiva iliyofungwa inayoitwa wl, msimbo wake wa ndani hauko wazi, kwa hiyo haikai ndani ya kerneli, lazima uiongeze mwenyewe. Ile bcma uliyoiona hapo ni kama mtu amefungua mlango wa nyumba lakini ndani hakuna mpishi.

Fanya hivi, simu ikiwa bado imechomekwa: fungua menyu, andika Driver Manager, weka paswedi yako, subiri itafute. Itakuonyesha Broadcom na chaguo la bcmwl-kernel-source. Ichague, bonyeza Apply, acha imalize. Itashusha na vifaa vya kutengenezea hiyo draiva kwa hiyo bando liwe na MB kadhaa za kutosha. Halafu zima uwashe.

(Kwa wengine watakaosoma huu uzi na hawana bando: kuanzia Mint 21.1 hiyo Driver Manager inaweza kutumia flashi ileile uliyoinstolia kama chanzo, chomeka itakuuliza.)

mzee_wa_kuchapa

Dada nimefanya yote. Imeshusha, mstari umejaa mpaka mwisho, katikati ikaniomba nitunge paswedi tena ya Secure Boot sijui, nikaweka ileile ninayoweka siku zote. Nikazima nikawasha. Ikaja skrini ya bluu sana yenye maandishi ya Kiingereza nikajua imeharibika, nikabonyeza Enter Enter haraka ikapotea, Mint ikawaka kama kawaida. Waifai hamna.

Ila ile komandi ya kwanza sasa mistari imebadilika, ule wa driver in use haupo kabisa, umebaki Kernel modules: bcma, wl.

Nahisi kama naipoteza hii vita.

nakuru_penguin

Boss pole sana. Hiyo skrini ya bluu ndio shida yako yote, na mimi ilinipata hivyo hivyo na laptopu ya sistangu, nilikuwa nimeizoea nikaipita kama tangazo. Njia fupi bana: ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Mint kuwaka, zima Secure Boot, sevu, washa. Waifai itakuja saa hiyo hiyo. Dakika mbili umemaliza, uende ukachape CV za watu.

dada_terminali

Nakuru amesema kweli, itafanya kazi, ila mzee subiri kwanza tujaribu kuifanya bila kuzima mlinzi. Andika hizi mbili uniambie:

mokutil --sb-state

sudo modprobe wl

mzee_wa_kuchapa

Ya kwanza: SecureBoot enabled

Ya pili: modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service

dada_terminali

Haya, hapo ndo penyewe, na uone jinsi mashine ilivyosema wazi, ni kwamba ilikuwa hainaga mtu wa kumwambia.

Secure Boot ni kama mlinzi wa geti, haruhusu kitu chochote kiingie kwenye kerneli kama hakina muhuri anaoutambua. Mint inatumia kerneli za Ubuntu ambazo zimeshapigwa muhuri, zinapita. Lakini hiyo wl imetengenezwa hapohapo kwenye mashine yako, haina muhuri wa mtu yeyote isipokuwa muhuri wako mwenyewe, ambao mashine ilikutengenezea kimyakimya. Mlinzi haujui huo muhuri. Ile skrini ya bluu ilikuwa ni mlinzi anakuuliza, huu muhuri ni wako kweli? nikuandikishe? Na wewe ukabonyeza Enter Enter, maana yake umemwambia achana nao. Inauliza mara moja tu, usipoujibu ndani ya sekunde kama kumi inaendelea na safari na ombi linafutika. Na nahisi zile paswedi ulizotunga wakati wa kuinstoo zilikuwa za kazi hii hii, na huenda skrini ilikuja na wakati ule.

Turudie ombi:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Itakuomba paswedi kwanza ya kuingilia kwenye mashine, halafu itakwambia utunge mpya mara mbili. Ukiandika hutaona nyota wala nukta, usiogope, inaandika. Hiyo paswedi ni ya matumizi ya mara moja tu pale kwenye bluu. Kisha zima uwashe, kaa macho, ikija ile bluu bonyeza kitufe chochote HARAKA, chagua Enroll MOK (MOK ndo huo muhuri wako), halafu Continue, halafu Yes, weka ile paswedi uliyotunga, halafu Reboot.

nakuru_penguin

Dada hiyo ni safari ya Mombasa kupitia Kisumu 😂 Mtu ana steshenari, nani atamuibia kerneli? Zima tu.

dada_terminali

😂 Nakuru sikatai. Kwa mashine ya nyumbani hata mimi nimewahi kuzima. Lakini huyu mzee mashine yake inachomekwa flashi za watu hamsini kwa siku, na kilichomfanya ahame ni hizohizo flashi. Akiweza kubaki na mlinzi abaki naye. Na kwa wale wenye Windows na Linux mashine moja, mkizima Secure Boot wakati Windows imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli yake ya diski, inaweza kuwaomba ile namba ndefu ya kufungulia, kama hujui umeihifadhi wapi usiguse.

mzee_wa_kuchapa

Dada nimekesha. Bluu imekuja, nimeiwahi, nimechagua Enroll MOK, Continue, Yes, nikaweka paswedi, inaniambia paswedi siyo. Nimeweka tena, siyo. Mara ya tatu ikanirudisha nyuma. Nimerudia mwanzo mpaka mwisho mara mbili nikiandika pole pole herufi kwa herufi. Siyo siyo siyo. Na paswedi ni jina la mwanangu wa kwanza na mwaka wake, siwezi kuikosea hata usingizini.

babaZuu

Nilikuwa nasoma tu kimya lakini hapa ngoja niulize swali la kijinga. Mzee umesema laptopu ya mtumba kutoka Ujerumani. Kibodi yake ile safu ya juu ya herufi imeandikwa QWERTY au QWERTZ? Yaani Z iko wapi? Na jina la mwanao lina Z au Y ndani yake?

mzee_wa_kuchapa

QWERTZ. Z iko juu pale baada ya T, Y iko chini kabisa kushoto. Nilishaizoea, na kijana wakati anainstoo alichagua kibodi ya Kijerumani ili vitufe vitoke kama vilivyoandikwa.

Mwanangu anaitwa jina lenye Z mbili.

Umejuaje???

babaZuu

😂😂😂 Mimi nilikuwa nauza hizi laptopu Kariakoo, za Kijerumani tulikuwa tunazibandika stika za herufi juu ya vitufe ili wateja wasikimbie.

Iko hivi. Ndani ya Mint umechagua Kijerumani, kwa hiyo ukibonyeza kitufe kilichoandikwa Z inatoka Z. Lakini ile skrini ya bluu inakuja kabla ya Mint, haijui mambo ya Kijerumani, yenyewe inasoma kibodi ya Kimarekani. Pale bluu ukibonyeza kitufe kilichoandikwa Z yenyewe inapokea Y. Na haikuonyeshi unachoandika. Kwa hiyo ulikuwa unaandika jina la mwanao sahihi kabisa na mashine inasoma jina la mtoto wa mtu mwingine.

Rudia ile komandi ya dada, safari hii tunga paswedi ya namba tupu, 12345678 inatosha, za ile safu ya juu maana namba ziko sehemu moja kwenye kibodi zote mbili. Ni ya kutumia mara moja haina haja ya kuwa ngumu.

dada_terminali

babaZuu nakuvulia kofia. Mimi ningemzungusha mzee wa watu wiki nzima.

mzee_wa_kuchapa

IMEKUBALI

Wakuu imekubali!!! Nimeweka 12345678, bluu ikasema sawa, Reboot, Mint ilipowaka tu kile kialama pale chini kikaanza kuzunguka, nikakibonyeza, mitandao yote ya mtaa huu ikajaa, rauta ya gesti ya jirani, simu ya mke wangu, ya kinyozi, yote. Nimekaa nimeiangalia tu hiyo orodha kama mtu anayeangalia picha za harusi.

Mungu awabariki sana. Nimeshatuma fomu mbili za ajira asubuhi hii kwa kutumia mashine hii.

Vitu viwili vimebaki, siyo vya haraka. Spika yangu ndogo ya Bluetooth inaonekana lakini haiungi. Na printa yangu, ile HP LaserJet P1102, imeonekana ila ukituma karatasi haitoki.

dada_terminali

Hongera mzee wangu!!

Printa ni rahisi. Linux ina HPLIP, programu ambayo inaendesha printa nyingi za HP, ila hiyo P1102 inahitaji kipande cha ziada. Andika hp-plugin kwenye terminali, kama inasema haipo anza na sudo apt install hplip, fuata maelekezo, ukubali masharti yao, printa itatoa karatasi. Ukimaliza chapa ukurasa mmoja wa majaribio kabla mteja hajaja.

Bluetooth ni chipu hiyohiyo ya waifai, iko ndani ya kadi moja, ila upande wa Bluetooth unaingia kwenye mashine kama kifaa cha USB na una faili lake dogo ambalo chipu inalisoma kila ikiwaka. Andika sudo dmesg | grep -i bluetooth, nahisi utaona imelalamika haijapata faili lenye jina linaloanza na BCM43142A0 na kuishia na .hcd. Jina kamili litatajwa pale. Hifadhi ya hayo mafaili iko GitHub, tafuta broadcom-bt-firmware, chukua lenye jina hilohilo, liweke kwenye /lib/firmware/brcm/ halafu ZIMA kabisa mashine, usifanye kuristati tu, toa na chaji, ndo uwashe. Ukikwama kwenye kulihamisha faili sema nikuandikie komandi.

Na jambo moja la baadaye, uliandike kwenye karatasi ulibandike ukutani: siku ukifanya apdeti na waifai ikapotea tena, usiinstoo upya. Kerneli mpya ikija, ile wl inabidi itengenezwe upya kwa ajili yake, kwa kawaida inajitengeneza yenyewe, ila siku ikigoma unazima, unawasha huku umeshika Shift au unabonyeza Esc mpaka ije menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha, unaingia Advanced options, unachagua kerneli ya jana yake. Waifai itakuwepo. Halafu unakuja hapa tunaangalia kwa utulivu.

nakuru_penguin

Na ukichoka kabisa na hiyo wl boss, badilisha kadi siku moja, lakini si kwa elfu sitini. Kadi za Intel kama 7260 ya Dual Band draiva iko ndani ya kerneli, unaweka unasahau, na hiyo inashika hata 5GHz, hii yako ni ya 2.4 peke yake. Kabla ya kununua fungua mgongo uangalie vitu vitatu. Moja, umbo la tundu, kuna ile mini PCIe nusu na kuna M.2, haziingiliani. Pili, hesabu nyaya za antena, hiyo BCM43142 inatumia antena moja kwa hiyo kuna laptopu walipitisha waya mmoja tu, ukiweka kadi ya antena mbili itashika lakini si kwa nguvu zake zote. Na vichwa vya nyaya za M.2 ni vidogo kuliko vya mini PCIe, usilazimishe na koleo kama nilivyofanya mimi, nilikata kimoja. Tatu, kuna laptopu za miaka hiyo BIOS yake ina orodha ya kadi inazozikubali, ukiweka nyingine inakataa kuwaka mpaka uitoe. Ulizia modeli yako kwanza.

babaZuu

Au anunue ile dongo ya USB, kidude cha waifai cha kuchomeka nje, ya TP-Link TL-WN722N, ila lazima iwe toleo la kwanza, version 1, ina chipu ya Atheros AR9271 na Linux inaijua bila kuambiwa. Toleo la 2 kwenda mbele ndani kuna Realtek, ni habari nyingine. Boksi linafanana, angalia stika ya nyuma. Muuzaji atakwambia zote ni sawa, mimi nilikuwa nasema hivyohivyo 😂

mzee_wa_kuchapa

Printa imetoa karatasi. Nimechapa huu uzi wote kurasa nane nimeuweka kwenye faili la ofisi, pembeni nimeandika Z SIYO Z kwa kalamu nyekundu. Bluetooth nitajaribu Jumapili nikifunga mapema.

Jana kaja mteja na flashi imejaa mashotikati, nimeichomeka kwa makusudi. Mafolda yake yote halisi yakaonekana pembeni ya zile takataka, virusi vilikuwa vimeyaficha tu kwa upande wa Windows. Nikamkopia kazi yake safi, nikamfutia zile takataka, nikamtoza buku. Alikuwa anaamini mafaili yameshapotea.

Yule fundi nilimpitia asubuhi nikamwonyesha. Kaiangalia akaniuliza hiyo kadi umenunua wapi.

Kipanga_21

Mzee hongera. Sasa naomba niulize, mimi nina laptopu hapa alama ya kidole haifanyi kazi kwenye Ubuntu...

dada_terminali

Kipanga wewe!! 😂 Kumbe na wewe unaangalia maandishi meusi. Andika lsusb utuletee namba, halafu ufungue uzi wako, huu ni wa mzee.